Nilimwita Fundi Mwizi kwa Betri Mbili

Kwa aliyenikosa wiki tatu zilizopita, nampa kwa ufupi. Mimi ni Rudayna, muuguzi, mkazi wa Salamiya. Mume wangu Nizar alikwenda Erbil, Iraki, kufanya kazi ya upishi, akatuma matumizi kwa miezi saba, kisha akanyamaza kimya. Zahanati niliyokuwa nikifanyia kazi ikafungwa. Nikabaki na mama mkwe wangu, Umm Nizar, katika nyumba ya vyumba viwili, na baiskeli ya umeme ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa dukani, ambayo hata jina lake lilibanduka wiki ya kwanza.

Kwa baiskeli hiyo nilizunguka vijijini nikichoma sindano na kufunga vidonda. Mara ya mwisho niliishia pale iliponizimikia katikati ya njia ya Tal Rumman, jua utosini, na mgonjwa ananisubiri.

Niliisukuma. Kilomita nne.

Baiskeli ya umeme ikikata moto si baiskeli tena, ni ng'ombe aliyegoma. Betri nne chini ya kiti, mota kwenye gurudumu, na mimi mfuko wa dawa mgongoni. Nilifika saa nane mchana badala ya saa sita.

Bi Fadwa, mke wa mgonjwa wangu, alikuwa kasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Muuguzi, tulidhani umetuhama."

"Baiskeli imenifia njiani, shangazi."

"Mwezi huu imekufa mara ngapi? Mbona huiziki?"

Sauti ikatoka ndani. "Mwache mtoto apite, Fadwa. Kaja kwa miguu. Anayo miwili mizima, acha aifaidi."

Huyo ndiye mwalimu Mundhir. Alinifundisha lugha darasa la saba, akanisimamisha mbele ya darasa nisome mpaka woga ukanitoka. Sasa alikuwa kalala kitandani, kisukari kimeshamla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari wa Hama alinipa masharti mawili tu: kidonda kioshwe kila siku, na kisirukwe hata siku moja. Kikirukwa, mguu unakatwa.

Nilifungua bandeji. Harufu ikanipiga.

"Vipi?" aliuliza.

"Si mbaya. Unaendelea. Vizuri."

"Rudayna, nimekusahihishia insha mwaka mzima. Ukidanganya, sentensi zako huwa fupi."

Niliosha, nikakata nyama iliyokufa, nikafunga. Wakati natoka nilimshika mkono nikamwambia, "Kesho saa mbili kamili niko hapa. Nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nikiri haya leo gazetini.

*

Mkulima mmoja alinirudisha mjini na baiskeli yangu garini, nikafika dukani kwa Abu Lamis alasiri, nguo zimenigandama mwilini. Abu Lamis ni fundi wa baiskeli za umeme karibu na soko la mboga. Zamani alikuwa fundi wa matrekta. Mafuta yalipopotea na mji mzima ukahamia kwenye betri, naye akahama. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akiniwekea baiskeli yangu sawa. Viraka vya tairi hakuwahi kunitoza.

Alikuwa ananyonya matteh, chai yetu chungu, kwa mrija. Akaweka glasi chini.

"Ukiijaza umeme sasa hivi inakupeleka wapi?"

"Zamani Tal Rumman kwenda na kurudi. Siku hizi nusu ya kwenda."

Akautikisa usukani, akainama, akapangusa grisi shingoni mwa baiskeli kwa kidole. "Njoo uone. Huu ni ufa. Nimeshapachomelea mara mbili. Pakikatika ukiwa mteremkoni, muuguzi atatafutiwa muuguzi."

"Abu Lamis, mimi sina muda. Niambie moja tu. Nitengeneze au ninunue nyingine?"

Alijikuna ndevu.

"Ukitengeneza, leo utaweka betri. Mwezi ujao mota. Mwezi mwingine fremu. Utakuwa umenunua baiskeli mpya kipande kipande, na bado unaendesha mbovu. Mimi nasema nunua."

"Kwa kipi?"

Alinionyesha kwa kidevu baiskeli ya buluu iliyoegemea ukuta. Ilikuwa ya mfamasia mmoja aliyehamia Ujerumani. Ilikuwa na miezi minane tu, haina hata mkwaruzo.

"Sikudai fedha," alisema. "Unayo ile cherehani ya marehemu mama yako. Mke wangu anatafuta cherehani ya namna ile, ya chuma, siyo hizi za plastiki. Nipe cherehani, chukua hii ya buluu. Hili gofu lako nitalitoa vipuri."

Cherehani ile ndiyo iliyonivalisha. Sare za shule, gauni la harusi, hata barakoa za zahanati mwaka ule wa ugonjwa. Mama alikufa kitambaa kiko bado chini ya sindano. Kumbe fundi alikuwa ameiona siku aliyokuja kunifungia soketi ya chaja, akaiweka moyoni!

"Nipe siku moja nifikiri."

"Fikiri. Lakini hebu kwanza nizipime betri, nijue zimebaki na nini."

Akafungua skrubu za kisanduku chini ya kiti. Akainua kifuniko.

Nikachungulia. Betri nne. Mbili za kijani, mbili za kijivu.

"Dada Rudayna," alisema polepole, "hizi za kijivu umeziweka lini?"

"Mimi? Nimeziweka mimi? Si wewe uliyeniwekea zote nne mwezi wa pili?"

"Niliweka nne za kijani. Hizi mbili ni kuukuu, tena zimevimba. Ndizo zinazozivuta hizo nzima."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu ya haraka haraka, na ya kijinga. Mwezi uliopita baiskeli ililala hapa dukani. Fundi anataka cherehani. Fundi ana baiskeli ya kuuza. Fundi anasema nunua.

"Umezibadilisha wewe!"

"Nini?"

"Ililala hapa. Ukatoa nzima ukanipachikia mizoga, ili nichoke, ninunue ya kwako!"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Nina mgonjwa mguu unamuoza, kisa wewe! Nimesukuma kilomita nne, kisa wewe! Mwizi!"

Muuza achari wa upande wa pili akavuka barabara. Wanawake wawili waliokuwa wananunua biringanya wakasimama. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa anasubiri breki zake akajikohoza. "Abu Lamis, hebu nipe yangu. Nitapita siku nyingine."

Fundi akampa. Kisha akazifunga skrubu za baiskeli yangu moja moja, taratibu. Akaniletea mpaka barabarani.

"Ichukue. Sikudai kitu. Ila ungeuliza nyumbani kwako kabla ya kuuliza barabarani."

Nilimwona ananitukania nyumba. Nikamtemea mate karibu na viatu. Ndiyo, mimi, muuguzi, mwanafunzi wa mwalimu Mundhir.

*

Nyumbani Umm Nizar alikuwa anapika dengu. Nilimwaga yote hata viatu sijavua. Nilitegemea atalaani, kwa sababu ulimi wa mama mkwe wangu unajulikana mtaa mzima. Lakini alibaki anakoroga tu.

"Betri mbili?" aliuliza.

"Mbili, mama. Katoa mbili nzima."

Mwiko ukazunguka sufuriani mara tatu, mara nne.

"Basi ni yeye," alisema bila kunitazama. "Mafundi wote baba yao mmoja. Usirudi kwake tena. Peleka Hama huko, utapata fundi mwingine."

Nilichukua simu. Mji wetu una kundi lake mtandaoni, watu maelfu, mahali pa kutangaza vifo, harusi na mbuzi aliyepotea. Nikaandika: *Ndugu zangu wa Salamiya, jihadharini na Abu Lamis, fundi wa soko la mboga. Anatoa betri nzima anawawekea kuukuu. Mimi Rudayna muuguzi yamenikuta.* Nikaweka na picha ya duka lake.

Majibu yakamiminika. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana yake ilizima. Mwingine akasema alimshuku siku nyingi. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata toroli akasema naye aliibiwa.

Nami nikiri: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu Nizar anyamaze, nilikuwa na mtu wa kumlaumu, tena mwenye jina, sura na anwani.

*

Siku ya kwanza nilipata lifti ya gari la mboga, nikafika Tal Rumman saa tano. Nimechelewa, lakini nimefika. Mwalimu alinitania kwamba nanukia vitunguu.

Siku ya pili hakukuwa na petroli mji mzima. Nilisimama barabarani saa mbili nzima, haikupita hata pikipiki. Nikarudi kuchukua baiskeli, nikasema labda itanifikisha nusu. Haikufika hata kituo cha ukaguzi. Ikazima.

Hapa, msomaji, ndipo ningependa kukudanganya. Ningependa kusema niliisukuma tena. Sikuisukuma. Nilikuwa nimechoka, nyayo zimechubuka, nikajiambia siku moja haitamuua mtu. Nikageuza nikarudi nyumbani, nikalala.

Nilimpigia Bi Fadwa? Sikumpigia. Niliona haya.

Siku ya tatu nilitoka alfajiri kwa miguu. Nilipofika, Bi Fadwa hakuwa mlangoni. Nilimkuta kitandani kamkumbatia mumewe, na mwalimu anatetemeka kwa homa mpaka kitanda kinalia. Wekundu ulikuwa umepanda mpaka nusu ya muundi.

Nilifungua bandeji. Sikusema neno.

Mwalimu akafumbua macho. "Leo hata fupi hukunipa," alisema. "Basi ni mbaya kweli."

Jirani alitoa trekta, trekta likatufikisha barabara kuu, pale tukapata gari la kwenda Hama. Jioni ile ile walimkata mguu chini ya goti.

Nilikaa kwenye korido ya hospitali na Bi Fadwa. Nilimwomba msamaha mara sijui ngapi. Alikuwa anazungusha pete ya mumewe kidoleni mwake, ile waliyomvua kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji.

"Ungesema tu kwamba huji," aliniambia. "Hilo tu. Ningemwosha mwenyewe, hata kwa maji ya chumvi. Sisi tulikaa tunasubiri, tukisikia kengele ya baiskeli yoyote tunasema huyo. Tumesubiri mpaka magharibi, Rudayna."

*

Kesho yake nilirudi Salamiya adhuhuri. Umeme ulikuwa umekatika, maana kwetu unakuja saa moja asubuhi, unaondoka saa tano. Friji kimya, feni kimya. Nilivua viatu ukumbini nikielekea chumbani kujitupa.

Nikasikia sauti ya mwanamume chumbani kwa mama mkwe.

Sauti ile ningeitambua hata ndani ya kisima.

"...mama, usilie. Nimekula. Wallahi nimekula."

Nikasukuma mlango.

Umm Nizar alikuwa amekaa chini, simu ameiegemeza kwenye mto. Juu ya kioo cha simu alikuwa mume wangu. Na chini ya kitanda, shuka likiwa limepandishwa kidogo, taa ndogo ya kijani ya kisanduku cha intaneti ilikuwa inawaka katika nyumba isiyokuwa na umeme. Nyaya mbili zilitoka kwenye kisanduku kile zikaingia kwenye betri. Pembeni yake kulikuwa na betri ya pili.

Zote mbili za kijani.

Sikujua nipige kelele kwa lipi kwanza.

"Nizar?"

Kule upande wa pili akashtuka. "Mama! Ulisema hayupo!"

"Nizar, uko hai? Miezi mitano! Nimekupigia mpaka namba nimeichukia!"

"Rudayna, nisikilize..."

"Sikusikilizi! Sogea nikuone vizuri!"

Hakusogea. Mama mkwe akainama, akasema chini kwa chini, "Muonyeshe, mwanangu. Yameshaharibika."

Nizar akainua mikono mbele ya kamera. Haikuwa mikono. Yalikuwa marundo mawili ya bandeji, chafu, zimefungwa ovyo, na usaha wa manjano umepenyeza. Ningemfokea mwanafunzi yeyote wa uuguzi aliyefunga vile.

"Mtungi wa gesi jikoni," alisema. "Ulilipuka. Mwenye mkahawa alinilipia hospitali wiki mbili, halafu akasema kazi yangu imekwisha. Sikutaka ujue."

"Mimi ni muuguzi, Nizar! Nani mwingine wa kujua kama si mimi?"

"Ndiyo maana. Ungeacha kila kitu uje. Mama angebaki na nani? Ungepita wapi, mpaka gani, na hela ya nani? Nikasema nikipona nitapiga." Akageuza uso. "Sijapona."

Kisha mtandao ukakata, akabaki kaganda kwenye kioo mdomo wazi.

Nikamgeukia Umm Nizar. Alikuwa amejikunyata, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Umezitoa vipi?"

"Nimeolewa miaka arobaini na fundi redio. Unadhani siwezi kufungua skrubu?" Ukali ukamwishia hapo hapo, machozi yakachukua nafasi. "Ananipigia adhuhuri, Rudayna. Saa zile umeme hakuna. Zile betri zako kuukuu za kijivu za stoo zilikuwa zinanikatia kabla hajamaliza salamu. Nikachukua moja. Nikaona baiskeli bado inakwenda. Nikachukua ya pili."

"Na fundi? Nimemtangaza mji mzima mwizi, na wewe umekaa hapa unakoroga dengu!"

"Nilisema utapoa."

"Mwalimu Mundhir wamemkata mguu, mama!"

Hakulijua hilo. Akafunika mdomo kwa ncha ya shela.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaona ile taa ndogo ya kijani chini ya kitanda, na kikombe cha chai kilichopoa, na mkeka aliokalia kila adhuhuri kwa miezi mitano akimsikiliza mtoto wake akisema uongo kwamba amekula. Sikuweza. Nikachomoa nyaya, nikazibeba betri mbili kifuani kama watoto pacha, nikatoka.

*

Duka la Abu Lamis lilikuwa tupu. Zile baiskeli kumi na kitu zilizokuwa zikijaa mpaka barabarani hazikuwepo hata moja, isipokuwa ile ya buluu. Yeye mwenyewe alikuwa anapanga spana ndani ya kasha.

Nikaziweka betri miguuni pake.

"Zilikuwa nyumbani kwangu."

Akaziangalia. "Najua."

"Ulijua?"

"Skrubu zilifunguliwa na mtu anayejua kufungua ila hana nguvu za kukaza. Mwizi hukaza." Akaendelea kupanga spana. "Mama mkwe wako alikuja hapa mwezi jana akaniuliza betri ya baiskeli inawasha intaneti masaa mangapi. Nikamjibu. Sikufikiri."

"Mbona hukusema siku ile!"

"Mbele ya wale watu wote? Niseme mama wa Nizar, mke wa marehemu rafiki yangu, ndiye aliyeiba?" Alifunga kasha. "Nilikwambia ukaulize nyumbani. Wewe ukatema mate."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya grisi. Muuza achari akachungulia, nami sikujali.

"Simama, dada. Hapa siyo msikitini."

"Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Watu je? Jana binti yangu Lamis kafukuzwa kwenye mchezo, wanamwita binti wa mwizi. Alhamisi tunahama, tunakwenda kwa ndugu wa mke wangu Homs. Niseme nini kingine?"

"Usihame. Nitaandika upya. Sasa hivi."

Nikatoa simu. Nikaandika: *Ndugu zangu, nilikosea. Betri nilizitoa mwenyewe nikasahau. Abu Lamis hana hatia.* Nikampa asome kabla sijatuma.

Alisoma akanirudishia.

"Huu ni uongo mwingine. Nani atakayeamini mtu anatoa betri mbili za baiskeli yake anasahau? Watasema nimekutisha. Au nimekulipa."

"Sasa niandike nini?"

"Ukweli. Wote. Nani alichukua, na kwa nini. Ukiacha kwa nini, utamwonea bibi wa watu. Ukiacha nani, umenionea mimi. Chagua."

Nilichanganyikiwa. Kumtaja Umm Nizar ni kumtoa nje ya mji ule akiwa hai. Hawezi kwenda sokoni, hawezi kwenda matangani. Na nikisema kwa nini, basi siri ya Nizar imekwisha, mikono yake itajadiliwa kwenye kila baraza na kila matteh. Nikinyamaza, mtu mwema anapakia watoto wake kwenye gari Alhamisi kwa dhambi yangu.

"Na baiskeli?" aliniuliza ghafla, kama mtu anayetaka kunipumzisha. "Ya buluu bado ipo. Cherehani na iwe yako, mke wangu ameshafunga mizigo. Nilipe utakapopata."

Nilitazama ile ya buluu. Nzuri, nyepesi, haina ufa wala historia. Nikafikiri kuipanda na kupita mbele ya watu wakisema, huyo ndiye aliyemfukuza mtu mjini akachukua baiskeli yake.

"Tengeneza yangu," nilisema.

"Itakubeba miezi miwili, mitatu ukiipenda sana."

"Tengeneza. Rudisha betri, chomelea shingo. Lakini itengeneze ukiwa unakaa, siyo ukiwa unaaga."

Akatoa tena spana moja kutoka kwenye kasha. Moja tu. "Andika kwanza," alisema.

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikaandika kwa jina langu kwamba nilimsingizia mtu asiye na kosa. Nikaandika kwamba betri zilichukuliwa na mama yangu mkwe ili asikie sauti ya mwanawe aliyeungua mikono ugenini, kwamba angeniomba ningempa, na kwamba hakuniomba kwa sababu katika nyumba yetu tumejifunza kufichana maumivu. Nikaandika kuhusu mwalimu Mundhir, na kwamba siku ile ya pili niligeuza njiani nikaenda kulala. Hilo hakuna aliyenidai, nililiandika mwenyewe.

Ilikuwa ndefu. Sentensi ndefu ndefu.

Nikabonyeza.

Abu Lamis akawasha mashine ya kuchomelea. Cheche zikaruka. Nilifunika macho, nikawa nasubiri matusi yaanze kuingia, nikiwaza nitarudi vipi nyumbani na nitamwambia nini Umm Nizar nikivuka kizingiti.

Simu ikatetemeka.

Haikuwa kwenye kundi. Ulikuwa ujumbe wa faragha, namba ya Iraki, picha ya mwanamke nisiyemjua, kajifunga kitambaa cha maua.

*Dada Rudayna, nimesoma ulichoandika kwenye kundi la mji wenu, kwa simu ya Nizar. Mimi naitwa Shilan. Ndiye ninayemshikia Nizar simu kila adhuhuri, na ndiye ninayemfunga bandeji, nisamehe sijui kuzifunga vizuri. Mama yake ameambiwa ni mtungi wa gesi. Haukuwa mtungi. Nipigie, lakini usimpigie yeye kwanza.*